Alama ya Fundi Ndani ya Mfuniko

Fundi wa saa alianza na sikio. Ukimpelekea saa, hata kama kioo kimepasuka na kila mtu anaona, yeye aliiweka kwanza kwenye sikio lake la kushoto, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka ukaanza kujiuliza kama amelala. Ukijaribu kumweleza shida akiwa bado anasikiliza, aliinua kidole kimoja. Niliwahi kumwona afisa mmoja wa kaunti, mwenye tumbo na mlinzi wa kumbebea mkoba, akinyamazishwa na kidole hicho, akasimama pale kwenye ngazi kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya leso, na bado nacheka nikikumbuka, hata sasa ambapo sitaki kucheka na chochote kinachomhusu.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la zamani mjini Nyeri, kati ya duka la dawa na mama anayeuza sweta za shule. Upana wake ulikuwa wa mlango mmoja. Ndani mlikuwa na meza, taa ya kuinama, kiti kimoja cha fundi na kigoda kimoja cha mteja, basi. Siku hizi kinauza kava za simu. Nikipita hapo huvuka barabara, na si kwamba nimemsahau. Nina hasira naye, na hasira juu ya mtu uliyempenda ni mzigo usiojua uutue wapi.

Nilimjua miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mukurweini, na kila mwisho wa mwezi nilipanda Nyeri kwa shughuli zangu, na shughuli zangu zote ziliishia kwenye kigoda chake. Sikuwahi kujua kwao hasa ni wapi. Wengine walisema Tetu, wengine Othaya. Ukimuuliza alisema, "Mimi ni wa hapa chini ya ngazi," halafu anakumiminia chai. Chai yenyewe aliinywa bila sukari, lakini kwenye droo aliweka sukari ya wageni ndani ya chupa ya dawa, na aliipima kwa kijiko kidogo kama anayempa mgonjwa dozi. Ukiomba kijiko cha tatu alikuangalia.

Yeye mwenyewe hakuvaa saa. Nilimuuliza kwa nini. "Nikivaa nitakuwa naangalia yangu, Mwarimu, na kazi yangu ni kuangalia yenu." Mwalimu kwake ilikuwa Mwarimu. Sababu yenyewe ilikuwa nzuri, ila matokeo yake ni kwamba alichelewa kila mahali. Alikuwa mzee wa kanisa, na wenzake walizoea kuanza kukusanya sadaka bila yeye. Mke wake, ambaye nilikutana naye mara mbili tu, aliniambia siku ya harusi yao yeye ndiye alimsubiri madhabahuni. Alisema hivyo akiwa bado ana uchungu kidogo, na ilikuwa imepita miaka arobaini.

Alikuwa na kopo la majani ya chai ambalo halikuwa na majani ya chai. Mlikuwa na saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: wengine walihama, wengine walifariki, wengine walinunua simu wakaona yatosha. Kila Jumatatu asubuhi alizimwaga mezani, akazitia ufunguo moja moja. Nilimwambia anapoteza wakati. Akasema hataki mtu aje siku moja akute saa yake imefia mikononi mwake. Na kweli, mwaka mmoja nikiwa hapo hapo kwenye kigoda, alikuja mjane kutoka Mweiga kuuliza saa ya marehemu mumewe, ambayo ililetwa miaka sita nyuma. Fundi alitia mkono kopoini akaitoa ikiwa inatembea. Yule mama aliiweka sikioni, akakaa chini kwenye saruji, akalia kwa sauti. Nilimpisha kigoda. Nimejaribu sana kuiondoa siku hiyo kichwani mwangu ili nimchukie Fundi vizuri, na imekataa kutoka.

Halafu kulikuwa na suala la alama. Kila saa aliyoifungua, kabla ya kuifunga, alichukua sindano ngumu yenye mpini wa mbao na kukwaruza upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma vilele vitatu vidogo, vya mlima wetu, na chini yake mwezi na mwaka. Huwezi kuiona bila lenzi. Mafundi wengi wa zamani hufanya hivyo ili fundi mwingine atakayeifungua ajue nani amepita. Lakini yeye aliifanya kama ibada. Mfuniko aliulaza juu ya kitambaa cheupe, upande wa ndani ukiangalia juu, akakupa lenzi, akakwambia ujionee mwenyewe. Saa yangu ndogo, niliyopewa na mama yangu, ina alama zake tisa. Alinisomea siku moja kama anayesoma kadi ya kliniki: "Hii ni wakati ulikuwa unahama shule. Hii ni ile mwaka ya mvua mingi, maji iliingia. Hii ni mwezi mama alizikwa."

"Na kama umeharibu?" nilimuuliza.

"Pia naandika. Si mwenye atafungua baada yangu ajue ni mimi niliharibu?"

Nilimwamini kwa sababu ya alama hiyo. Nilijiambia kwamba mtu anayeacha jina lake mahali ambapo hakuna macho yatakayofika, hata akiwa amekosea, mtu huyo hawezi kukudanganya usoni. Niliwafundisha watoto wa darasa la saba juu yake katika somo la maadili, bila kumtaja. Nikikumbuka hilo natamani niwatafute mmoja mmoja.

Ulimi wake pia ulijulikana. Kuna kontrakta mmoja aliyekuja akiwa ameandamana na marafiki wawili, wote wametoka kwenye harusi, akavua saa ya dhahabu akasema imelegea mkanda. Fundi akaiweka sikioni. Akafumbua macho akaitazama, akaiweka tena sikioni. Halafu akamrudishia.

"Hii inapiga kelele ndani."

"Mzee, hiyo ni orijino. Nilinunua Dubai."

"Orijino haipigi kelele. Rudisha Dubai."

Marafiki walicheka wakashikilia ukuta. Kontrakta aliondoka bila kuaga, na mji mzima ukaipata habari kabla ya saa ya chakula. Kutoka hapo watu walianza kumletea saa si kwa kutengenezwa bali kwa kuhukumiwa. Akisema ni yenyewe, ni yenyewe. Akisema ni feki, hata anayeuza alinyamaza.

Nami alinifundisha. Sikuomba. Nadhani aliona mwalimu amekaa kwenye kigoda bila kazi akaona vibaya. Alinionyesha kwamba saa ghali ya kujitia ufunguo yenyewe ina chuma cha nusu duara ndani kinachozunguka ukitikisa mkono, na kwenye saa nzuri hukisikii. Kwenye saa ya kuiga kinapiga kelele, kama punje ya mahindi ndani ya kopo. Mshale wa sekunde kwenye saa nzuri unateleza. Kwenye feki unachechemea. Namba zilizochongwa kwenye saa nzuri zina kingo kali na zinang'aa ukigeuza. Kwenye feki zimekwaruzwa juu juu kama zilichomwa na asidi. Alinilazimisha nitofautishe kwa macho yaliyofungwa. Nilipopatia mara tatu mfululizo alinipa kijiko cha tatu cha sukari bila kuombwa, na hiyo, kwa wanaomjua, ilikuwa kama cheti.

Sasa niseme kilichotokea.

Nina ndugu mkubwa, wa tumbo moja. Ujana wake alikuwa dereva wa injinia mmoja kule Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Injinia alipomaliza kazi na kurudi kwao, alivua saa mkononi akampa. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya chuma, uso wa rangi ya buluu. Ndugu yangu aliivaa miaka tisa. Alivuna nayo, alikula nayo, aliposa nayo. Nilipopata nafasi chuo cha ualimu, baba alikuwa ameshafariki na nyumbani hakukuwa na kitu. Ndugu yangu alishuka Nairobi asubuhi akiwa na saa na akarudi jioni bila saa. Kwenye mkono wake mweusi palibaki mstari mwembamba mahali mkanda ulikuwa, na nilikuwa nauona kila akiniletea kitu chuoni, mpaka jua likaufuta. Nilijiapia kwamba siku moja nitamrudishia saa ile mkononi. Si saa nyingine. Ile.

Miaka ikaenda. Nikastaafu. Binti yangu akanionyesha jinsi ya kutafuta kwenye simu vitu vilivyotumika, na jioni moja nikaiona, au pacha wake: uso wa buluu, chuma, mkanda ule ule. Nilisimama bila kujua nasimama kwenda wapi. Muuzaji alikuwa mji wa Kenol, kwenye njia ya Nairobi. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe wawili wazuri wa maziwa, na mimi nilikuwa nao wawili. Niliwauza wote. Majirani waliniuliza kama nina mgonjwa.

Muuzaji tulikutana kwenye kituo cha mafuta, mchana, watu wengi. Kijana mpole, ananiita mathe, kama mama yake. Alikuwa na boksi la kijani na karatasi zenye mihuri. Aliniambia kitu ambacho niliona ni cha mtu mwaminifu kabisa.

"Mathe, mimi sitaki maneno. Enda nayo kwa fundi mwenye unaamini. Niko na siku tatu za kukurudishia pesa yako yote. Akisema ni feki, rudisha. Hata huyo mzee wa Nyeri wa chini ya ngazi, si unamjua? Mpelekee."

Nilikuwa naelekea kwake tayari. Nilifurahi kuona hata Kenol anajulikana.

Kesho yake nilikaa kwenye kigoda. Nikamweleza Fundi habari yote, ya injinia, ya chuo, ya mstari kwenye mkono, mambo ambayo sikuwa nimemwambia kwa miaka ishirini na miwili. Alinisikiliza akiangalia meza. Halafu akaichukua saa, akaiweka sikioni, na akaitoa upesi. Hiyo niliiona. Akanigeuzia mgongo kidogo, kuelekea taa, akafungua. Kitambaa cheupe kilikuwa pale mezani, lakini mfuniko hakuulaza juu yake. Aliufumbata kwenye kiganja cha kushoto akafanya kazi kwa mkono mmoja. Hiyo pia niliiona. Akachukua sindano, akakwaruza, akafunga.

"Ni yenyewe," akasema.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitikisa karibu na sikio njiani, nikasikia ile punje ya mahindi. Nilikuwa nimeutazama mshale wa sekunde mpaka macho yakaniuma. Nikamwambia, "Fundi, mbona mimi nasikia ni kama inapiga kelele kidogo?"

"Imekaa sana bila kuvaliwa. Itazoea mkono."

Yeye ndiye aliyenipa masikio, na yeye ndiye aliyeniambia nisiyaamini. Nikamwamini yeye. Nilipotoa pesa ya kumlipa alikataa, akausukuma mkono wangu. "Ya ndugu yako? Hapana, Mwarimu. Hiyo siwezi chukua." Nilitoka pale machozi yakinilengalenga, nikiona nimepata baraka. Siku tatu za kijana wa Kenol zikapita nikiwa nashona nguo ya sherehe.

Sherehe yenyewe ilikuwa Mwea, ndugu yangu akitimiza miaka sabini. Tulipika mchele wa shamba lake mwenyewe, hema lilijaa, mchungaji akaomba kwa urefu wake wa kawaida. Nilisimama mbele ya watu nikasimulia. Nikamvisha saa mkononi, na nikalia hadharani, mimi ambaye sikulia hata nikistaafu. Watu walipiga makofi na vigelegele. Ndugu yangu aliitazama ile saa muda mrefu, kisha akanivuta akanikumbatia, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawafanyi.

Baada ya miezi saba ikasimama. Nilikuwa nimemtembelea, nikamwambia anipe niipeleke Nyeri. Akasema, "Nyeri yote hiyo ya nini, wa maitu? Hapo Kerugoya kuna msichana anajua saa." Wa maitu ndivyo anavyoniita tangu utotoni, wa mama yangu. Tukaenda wote.

Fundi wa Kerugoya alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, kibanda chake nyuma ya duka la misumari. Hakuweka sikio. Alifungua moja kwa moja, akainama na lenzi, halafu akaniangalia mimi badala ya mwenye saa. Wanawake hujuana nani amebeba kitu.

"Mama, hii mliambiwa ni orijino?"

"Ndiyo."

"Pole. Ni feki. Ona hii mashine, ni ile ya bei ya chini kabisa, imepakwa tu rangi. Na hizi namba hazijachongwa, zimechomwa. Hata herufi za huku ndani zimepakwa vibaya, wino umetambaa." Akageuza mfuniko chini ya taa. "Lakini kuna mtu alijua. Huyu aliifungua mara mbili. Ameandika. Sijui ni nani, ameweka kitu kama mlima."

Akanipa lenzi. Nilikuwa najua nitaona nini na bado niliomba Mungu nisione. Vilele vitatu, na chini yake mwezi ule nilioketi kwenye kigoda. Na juu yake, vilele vitatu vingine, safi, kwa mkono ule ule, na tarehe ya miezi miwili kabla sijaijua hiyo saa. Kabla sijauza ng'ombe. Nilielewa papo hapo kwa nini mfuniko ulikaa kwenye ngumi, na kwa nini kijana wa Kenol hakuogopa nimpelekee mzee wa Nyeri. Alikuwa anairudisha kwa aliyeitengeneza.

Yule dada akauliza, "Nifute hii alama? Nikisafisha inatoka."

Nikasema, "Hapana. Tengeneza itembee tu. Aliyeiandika ataifuta mwenyewe."

Tulikaa kwenye hoteli moja, chai ikapoa. Sikujua nianzie wapi. Nikamwambia ndugu yangu nimemvisha takataka mbele ya watu mia mbili, ng'ombe wameenda, na mtu niliyemwamini kuliko wote mjini ameniuza. Nilimwambia naomba msamaha.

Akakoroga chai yake. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Hiyo siku yenyewe. Ile ya injinia nilivaa miaka tisa. Ilikuwa nzito, na ukiivaa asubuhi ilikuwa baridi inakaa baridi. Hii ilipata joto hata kabla umalize kuifunga. Nikajua."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umesimama hapo unalia mbele ya watu. Ningesema nini? Ati toa hii?" Akaivaa saa iliyotoka kutengenezwa, akavuta mkono wa koti juu yake. "Hii ni yangu. Wewe ndiye ulinipa. Sitaki ingine, wa maitu, na usiende kutafuta ingine."

Nimefikiri sana juu ya hao wawili. Wote walinidanganya kuhusu saa moja. Mmoja alinyamaza ili nisiaibike, na mwingine alisema ili yeye asiaibike. Kwa wa kwanza nimepata amani. Kwa wa pili nilipanda Nyeri.

Nilimwomba ndugu yangu anipe saa kwa siku mbili. Nilifika kwa Fundi mchana, baada ya saa nane, wakati ambapo wateja ni wachache. Sikukaa kwenye kigoda. Niliiweka saa mezani, ikiwa imefunguliwa, mfuniko juu ya kitambaa chake cheupe, upande wa ndani ukiangalia juu, kama alivyonifundisha. Alikuwa amekonda. Shati la kazi lilikuwa limefuliwa sana mpaka kola imekuwa laini. Hakugusa lenzi. Hakuhitaji.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema moja tu. "Mara mbili."

Alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. "Watu hawavai saa tena, Mwarimu. Wanaangalia simu. Huyo kijana wa Kenol ndiye alikuwa ananiletea kazi. Saba, nane kwa mwezi. Mimi sikuuza hata moja. Mimi nilikuwa natengeneza tu zitembee."

"Na kuniambia ni yenyewe, hiyo pia ni kutengeneza?"

Akaivaa miwani tena, akaigeukia meza.

"Ungesema tu hujui. Ungesema niende kwingine. Nilikuwa na siku tatu, Fundi. Siku tatu, na ng'ombe wangu walikuwa bado kwa jirani aliyewanunua."

"Ningesema ni feki ungeniuliza najuaje. Ningekufungulia uone. Ungeona alama yangu ya kwanza." Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeeleza kwa nini mashine fulani haiwezi kuzunguka upande mwingine.

"Basi si ungeacha tu kuandika? Feki unaiandikia alama ya nini?"

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona yule niliyemjua, amekasirika kidogo, kama nimemwomba kijiko cha nne. "Mwarimu, mimi siwezi fungua saa nikose kuandika."

Na nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote. Alikuwa anasema kweli. Mkono wake haukuweza kusema uongo gizani, ndani ya mfuniko, mahali ambapo hakuna mtu. Mdomo wake ukaweza mchana kweupe, mbele ya mtu aliyekunywa chai yake miaka ishirini na miwili. Ningetamani iwe kinyume. Ningetamani awe mwizi wa kawaida, nimtukane niende zangu.

Nikamwambia, "Ndugu yangu anaivaa. Anajua ni feki na anaivaa kwa sababu ni mimi niliyempa. Iwe hivyo. Lakini wewe sitaki uwe ndani. Futa."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alichukua kipande cha jiwe laini la kusugulia akainama. Mikono ambayo niliiona ikishika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi iliangusha jiwe mara mbili. Ilichukua muda. Mama wa sweta alichungulia kuuliza kama kuna chai, akaona nyuso zetu akarudi. Fundi alisugua, akapuliza vumbi, akapangusa, akaangalia kwa lenzi, akasugua tena, mpaka upande wa ndani wa ule mfuniko ukawa mtupu. Nilitazama saa ya mama yangu mkononi mwangu, yenye alama zake tisa, na mwezi aliozikwa. Hizo sijui nizifanyie nini. Siwezi kumwambia afute kifo cha mama yangu.

Halafu aliweka mfuniko chini, na mkono wake wa kulia, wenyewe, bila yeye kuutuma, ukaenda kwenye droo ukatoa sindano yenye mpini wa mbao. Ncha ikafika kwenye chuma safi. Vilele vitatu, mwezi, mwaka, ndivyo vilivyokuwa vinafuata. Saa ilikuwa wazi mbele yake, basi ilibidi aandike.

"Fundi," nikasema.

Mkono ukasimama hapo hapo. Hakuniangalia. Aliitazama ile sehemu tupu, akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeomba maji ya kunywa, "Hata mwezi tu, Mwarimu?"

Nikamwambia hata mwezi asiandike.